Mkataba wa Bandari wa 2022: Miezi Saba ya Ukimya, Siku Moja ya Maoni

Tarehe 25 Oktoba 2022, Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania na Serikali ya Dubai zilitia saini makubaliano ya ushirikiano wa kiuchumi na kijamii katika kuendeleza na kuboresha utendaji wa bandari za bahari na za maziwa nchini Tanzania. Kwa upande wa Tanzania aliyesaini alikuwa Profesa Makame Mbarawa, Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi wa wakati huo, na mtekelezaji aliyekusudiwa alikuwa DP World, kampuni ya bandari inayomilikiwa na Dubai. Wananchi walio wengi hawakujua kwamba hati hiyo ipo hadi mwanzoni mwa Juni 2023, nakala yake ilipovuja na kuanza kusambaa kwenye simu zao, siku chache tu kabla Bunge halijaketi Dodoma kuiridhia.

Kisa hiki kimejadiliwa sana kwa upande wa bandari yenyewe: kama mwekezaji alihitajika, kama ni DP World au mwingine, kama nchi itapata au itapoteza. Hayo ni muhimu, lakini hapa nataka kukichambua kwa upande mwingine, ambao naamini utaishi muda mrefu zaidi kuliko mjadala wa gati na makontena: je, serikali iwe na haki ya kuifunga nchi kwa mkataba ambao wenye nchi hawaujui? Jibu langu ni kwamba mazungumzo ya faragha yanaweza kuwa na sababu, lakini maandishi yakishasainiwa hakuna sababu halali ya kuyafungia kabatini, na kisa cha bandari kinalithibitisha hilo kwa ushahidi ambao Serikali yenyewe iliutoa bila kukusudia.

Tuanze na kile ambacho Serikali ilikuwa nacho cha kusema, kwa kuwa kilikuwa na uzito. Bandari ya Dar es Salaam ndiyo mlango wa shehena za Zambia, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, na inashindana na Mombasa kwa upande mmoja na bandari za Msumbiji kwa upande wa pili. Kwa miaka mingi meli zilisubiri nangani kwa siku kadhaa, na kila siku ya kusubiri ni gharama ambayo mwishowe hulipwa na mnunuzi wa sukari Lubumbashi au wa mabati Kigali. Kampuni ya TICTS, iliyoendesha kitengo cha makontena tangu mwaka 2000, ilimaliza muda wake mwishoni mwa 2022 na haikuongezewa. Waziri aliliambia Bunge kwamba ushirikiano mpya ungepandisha mapato ya kodi ya forodha kutoka shilingi trilioni 7.76 katika mwaka wa fedha 2021/22 hadi trilioni 26.7 ifikapo 2032/33. Mtu anaweza kuyatilia shaka makadirio ya miaka kumi mbele, lakini hawezi kusema kwamba Serikali haikuwa na hoja ya kuwapelekea wananchi. Ilikuwa nayo, na kwa sababu hiyo ukimya wake unashangaza zaidi.

Sasa njia ya kisheria. Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba ya mwaka 1977 inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba yote inayoihusu Jamhuri ya Muungano ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Maneno hayo ya mwisho yanastahili kusomwa mara mbili. Mkataba unakwenda bungeni ikiwa wenyewe unasema uende, maana yake wanaouandika chumbani ndio wanaoamua kama wawakilishi wa wananchi watauona au hawatauona. Mkataba wa bandari ulikuwa na sharti la kuridhiwa, kwa hiyo ulipelekwa. Lakini ni mingapi mingine ambayo haina sharti hilo, na ambayo hakuna nakala iliyovuja? Katiba hiyohiyo, katika ibara ya 18, inampa kila raia haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi na kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Na ibara ya 21(2) inampa haki na uhuru wa kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu yeye, maisha yake au yanayolihusu Taifa. Ukiziweka ibara hizi tatu pamoja unaona kwamba Katiba inatambua haki ya kujua na haki ya kushiriki, ila haikuweka utaratibu wa kuzitekeleza pale mkataba wa kimataifa unapohusika.

Kuna tofauti ambayo wengi waliipuuza katika zogo la mwaka 2023, nayo ni kati ya kusaini na kuridhia. Kwa mkataba unaohitaji kuridhiwa, saini ya waziri haiifungi nchi moja kwa moja. Inaonyesha kwamba pande mbili zimekubaliana juu ya maandishi. Chini ya ibara ya 18 ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1969 kuhusu Sheria ya Mikataba, nchi iliyosaini inatakiwa tu isifanye jambo la kuvuruga lengo la mkataba kabla haijaamua kuridhia au kukataa. Kipindi kati ya saini na kuridhiwa kipo kwa makusudi, ili taifa lipate kujitazama kabla ya kujifunga. Kutoka 25 Oktoba 2022 hadi 10 Juni 2023 ni miezi saba na nusu, na kama maandishi yangechapishwa wiki ya kwanza ya Novemba, wanasheria, wahandisi, vyama vya wafanyakazi wa bandarini, mawakala wa forodha na wachumi wa vyuo vikuu wangekuwa na muda wa kutosha kuyapitia. Bunge lilikutana Novemba, likakutana tena mwanzoni mwa mwaka, na halikuletewa kitu.

Kisha, baada ya ukimya huo wote, mambo yakaharakishwa. Tarehe 5 Juni 2023 Bunge lilitoa tangazo la kuwaalika wananchi na wadau kufika Dodoma kesho yake, tarehe 6 Juni, kutoa maoni yao mbele ya kamati. Mtu aliye Kigoma, Mtwara au Bukoba, miji ambayo ina bandari na kwa hiyo iliguswa na kichwa cha mkataba, asingeweza hata kupata basi la kumfikisha kwa wakati, achilia mbali kusoma hati nzito ya kisheria iliyoandikwa kwa Kiingereza na kuandaa hoja. Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Juni, wabunge walijadili na kuridhia ndani ya siku moja. Sheria ilifuatwa kwa maana finyu kabisa ya kwamba kulikuwa na tangazo, kikao cha maoni, mjadala na kura. Kile ambacho hatua hizo zimewekwa kulinda hakikupata nafasi.

Na wananchi waliposoma nakala iliyovuja walikuta nini? Ibara ya 4 iliitaka Tanzania iiarifu Dubai kuhusu fursa nyingine zozote zinazohusu bandari, maeneo huru ya biashara na sekta ya usafirishaji wa shehena, ili taasisi za Dubai zipate nafasi ya kuonyesha nia. Ibara ya 5 iliipa DP World haki ya kipekee katika miradi ya awamu ya kwanza iliyoorodheshwa kwenye kiambatisho. Ibara ya 20 ilipeleka migogoro kwenye usuluhishi Johannesburg. Lakini iliyowatikisa watu ilikuwa ibara ya 23. Ilisema makubaliano yataendelea hadi shughuli zote za mradi zitakapokoma kabisa, au hadi mikataba yote ya utekelezaji itakapomalizika muda wake, bila kutaja idadi yoyote ya miaka. Kisha ikaongeza kwamba pande mbili hazitakuwa na haki ya kuukana, kujitoa, kuusimamisha wala kuuvunja katika hali yoyote, hata pakitokea ukiukwaji mkubwa, mabadiliko ya msingi ya mazingira, au kuvunjika kwa uhusiano wa kibalozi, ila kupeleka mgogoro wao kwenye utaratibu wa usuluhishi.

Nalitazama sharti hilo kwa uangalifu kwa sababu ndilo kiini cha kisa. Ukiukwaji mkubwa na mabadiliko ya msingi ya mazingira ndizo sababu ambazo sheria ya kimataifa, katika ibara ya 60 na 62 za Mkataba huo wa Vienna, inazitambua kuwa njia halali za nchi kutoka kwenye mkataba. Kuziachilia mapema, kwa niaba ya vizazi ambavyo havijazaliwa, si uamuzi wa kawaida wa kiutendaji ambao waziri na wataalamu wake waufanye wenyewe. Inawezekana kabisa kwamba kulikuwa na sababu nzuri. Wawekezaji wakubwa hudai uhakika kabla ya kumwaga fedha, na Serikali ilieleza baadaye kwamba ibara ya 22 iliruhusu marekebisho wakati wowote pande mbili zikikubaliana. Lakini marekebisho yanayohitaji ridhaa ya mwenzako si sawa na haki ya kutoka, na tofauti hiyo ilistahili kujadiliwa na watu wenye muda wa kufikiri, kabla ya kura.

Hoja inayotolewa mara nyingi kuutetea usiri ni ya kibiashara: ukianika masharti yako, mshindani atayatumia, na mwekezaji anayefuata ataanza mazungumzo akijua ulipokubali kulegeza. Hoja hii ni ya kweli kwa tozo, kodi ya pango, mgawanyo wa mapato na kiasi cha uwekezaji. Sasa rudi kwenye makubaliano ya Oktoba 2022. Hayakuwa na bei ndani yake. Hayakutaja kiasi cha uwekezaji wala kodi ya gati wala mgawanyo wa mapato, kwa kuwa hayo yote yaliachwa yajadiliwe katika mikataba ya utekelezaji itakayofuata, na Serikali ndiyo iliyorudia jambo hilo mara nyingi kuliko mtu yeyote: kwamba hii ni hati ya msingi tu, hati mama. Basi kama ni hati mama isiyo na namba, ni siri gani ya biashara ambayo ingefichuka kwa kuichapisha? Sijaona jibu la swali hilo, na sidhani kama lipo. Serikali haiwezi kusema kwa wakati mmoja kwamba hati haina jambo la kuwatia watu hofu na kwamba isingefaa kuonekana.

Gharama ya ukimya ilionekana mara moja. Mahali ambapo maelezo yalitakiwa kuwa paliingia uvumi. Watu waliambiana kwamba bandari imeuzwa, kwamba muda ni miaka mia moja, kwamba Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa nayo yamekwenda. Jambo la kuumiza zaidi ni kwamba mjadala uliteleza kwa haraka kutoka kwenye ibara za mkataba hadi kwenye asili na dini za viongozi. Kwa kuwa Rais na Waziri wote ni Wazanzibari, na kwa kuwa bandari zilizohusika ni za Tanzania Bara huku Zanzibar ikiwa na shirika lake la bandari, walijitokeza watu waliosema kwamba Wazanzibari wanauza mali ya Bara. Maaskofu wa Kanisa Katoliki walipotoa tamko la kuupinga mkataba, Agosti 2023, wapo waliolisoma tamko hilo kama vita vya kidini dhidi ya mwekezaji Mwarabu. Nchi ambayo imejitahidi kwa miongo mingi kuweka siasa zake mbali na udini na ubara ilijikuta ikizungumza lugha hiyo waziwazi. Siwezi kudai kwamba uwazi ungezuia kila neno baya, lakini mtu aliyepewa maandishi na muda wa kuyasoma hubishana juu ya maandishi, na aliyenyimwa hubaki kubishana juu ya nia za watu.

Yaliyofuata yanajulikana. Wananchi wanne walifungua shauri Mahakama Kuu, Mbeya, wakidai kwamba makubaliano yalikiuka Katiba na sheria za mwaka 2017 za kulinda utajiri na maliasili za nchi, na kwamba umma haukupewa nafasi ya kweli ya kushiriki. Tarehe 10 Agosti 2023 jopo la majaji watatu lilitupilia mbali shauri hilo. Siku chache baadaye polisi waliwakamata baadhi ya wakosoaji waliosikika zaidi, wakiwemo wakili Boniface Mwabukusi na Dk. Wilbroad Slaa, huku maneno mazito kama uhaini yakitajwa, kisha wakaachiwa. Hapa sina la kupima wala kusawazisha: kumkamata raia kwa sababu amesoma mkataba wa nchi yake na kuukosoa ni jambo lisilokubalika, na ni mwendelezo wa fikra ileile iliyoufungia mkataba kabatini, fikra ya kwamba mambo haya si yake.

Sasa nakuja kwenye ushahidi niliousema mwanzoni. Tarehe 22 Oktoba 2023, Ikulu ya Chamwino, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari na DP World walisaini mikataba ya utekelezaji, na safari hii mambo yalifanyika mbele ya kamera huku Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka, Plasduce Mbossa, akieleza vipengele vikuu. Muda ulitajwa: miaka 30. Eneo lilitajwa: sehemu ya Bandari ya Dar es Salaam, na gati namba 4 hadi 7 zikiwa ndizo kiini cha upangishaji, si bandari zote za nchi. Kulielezwa kwamba utendaji utapimwa kila baada ya miaka mitano na kwamba ajira za wafanyakazi zingelindwa. Kampuni ilitaja uwekezaji wa awali wa zaidi ya dola milioni 250 za Marekani. Linganisha orodha hiyo na malalamiko ya Juni na Julai: muda usiojulikana, eneo lisilo na mipaka, kutokuwa na njia ya kumwajibisha mwekezaji, hofu ya ajira. Karibu kila malalamiko makubwa lilipatiwa jibu.

Inaweza kusemwa kwamba masharti hayo yangekuwemo hata kama hakuna aliyepiga kelele, kwa sababu tangu awali ilijulikana kwamba mikataba ya utekelezaji ingekuja na maelezo zaidi. Sehemu yake ni kweli. Hata hivyo, Serikali ilisema yenyewe katika hafla hiyo kwamba maoni ya wananchi yalizingatiwa, na mimi nalichukua kauli hiyo kama ilivyotolewa. Kama maoni yaliyotolewa kwa hasira, bila muda, kutoka kwenye nakala iliyovuja, yaliweza kuuboresha mkataba kiasi hicho, maoni yaliyotolewa kwa utulivu katika miezi saba yangeuboresha zaidi, na yangegusa hati mama yenyewe, ambayo ibara yake ya 23 ndiyo iliyokwenda bungeni ikaridhiwa kama ilivyo. Kinachobishaniwa na watetezi wa usiri ni kwamba umma huharibu mazungumzo. Hapa umma ulisaidia.

Tanzania ilikuwa na onyo la awali. Mwaka 2007 ilibainika kwamba mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi ulisainiwa London na Waziri wa Nishati na Madini wa wakati ule, Nazir Karamagi. Zitto Kabwe, aliyekuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini, alipolihoji bungeni alisimamishwa, lakini miezi michache baadaye Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kupitia sekta ya madini, akamweka Zitto mwenyewe ndani yake, na kazi hiyo ilichangia sheria mpya ya madini ya mwaka 2010. Mtiririko ni uleule wa bandari: siri, kuvuja, adhabu kwa aliyesema, kisha kukubali kwamba alichosema kilikuwa na maana.

Kwingine wameweka muda ndani ya sheria. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2010, mkataba unaohitaji kuridhiwa huwekwa mbele ya Bunge pamoja na maelezo yake kwa siku 21 za vikao kabla serikali haijaridhia. Kenya ina sheria ya mwaka 2012 kuhusu uandaaji na uridhiaji wa mikataba, inayotaka Bunge la Taifa lihusishe wananchi. Sheria peke yake haitoshi, kwani Kenya hiyohiyo iliificha mikataba ya reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi kwa miaka, na sehemu yake iliwekwa wazi Novemba 2022 baada ya wanaharakati kwenda mahakamani. Lakini pale walipokuwa na sheria ya kutegemea, waliweza angalau kusimama mbele ya jaji na kudai kitu kinachotajika.

Kuna wanaosema Bunge linatosha, kwa kuwa wabunge ndio wananchi kwa uwakilishi. Ningekubali kwa urahisi zaidi kama si hali ya Bunge lililoridhia mkataba huu, ambalo lilitokana na uchaguzi wa 2020 na ambalo karibu viti vyote vilikuwa vya chama kimoja kinachounda Serikali. Katika Bunge la namna hiyo, mjadala wa umma nje ya ukumbi ndio pekee unaoweza kumpa mbunge sababu ya kuuliza swali gumu, na mjadala huo ulinyimwa muda.

Kinachohitajika kinaweza kuandikwa katika sheria fupi. Kila mkataba wa kimataifa uchapishwe, kwa Kiswahili na kwa lugha uliosainiwa, ndani ya siku 14 baada ya saini. Bunge lisiuweke kwenye ratiba kabla ya siku 90 kupita tangu kuchapishwa, na kamati isikilize maoni mikoani na si Dodoma pekee. Masharti ya bei yanaweza kufunikwa kwa muda, kwa sababu zilizoandikwa na zinazoweza kupingwa mahakamani. Na maneno ya ibara ya 63(3)(e) yabadilishwe ili mkataba wowote unaogusa ardhi, bandari, madini au mamlaka ya nchi kujitoa uende bungeni hata kama wenyewe haudai kuridhiwa. Dharura ya kweli, kama ya vita au ugonjwa wa mlipuko, iwekewe mlango wake mdogo wenye muda wa kikomo. Mkataba wa bandari haukuwa wa dharura. Ungesubiri siku 90 mara mbili kabla ya kuridhiwa, na muda ungebaki.